Laptop yangu ya inchi 17 ilivyonusurika kupandwa kama mizani ya pamba kule Zagayu

Wakuu, amani iwe kwenu.

Kaeni vizuri. Hii si chai, yamenikuta mwenyewe, na mashahidi wengi bado wako hai. Nikiongeza chumvi watakuja hapa kunisuta.

Ni miaka ile biashara ya pamba imeshafunguliwa kwa watu binafsi. Bariadi yetu bado iko mkoa wa Shinyanga, Simiyu haijazaliwa. Kila mwenye lori alikuwa mnunuzi, na wa kwanza kufika kijijini na mizani ndiye anayeondoka na pamba.

Mimi nilikuwa nimetoka kusoma kompyuta Mwanza. Mzee wangu, mfugaji wa Mwandoya, alitoa ng'ombe zizini kulipa ada. Nikapata kazi kwa mnunuzi mmoja pale Bariadi mjini, tumuite Bosi Masanja. Lakini nilikuwa kwenye probation. Nikifeli narudi nyumbani kuchunga ng'ombe waliobaki, huku nikiwakumbuka walioondoka kwa ajili yangu.

Sasa Bosi akaletewa laptop na ndugu yake aliyekuwa nje. Mtumba.

Wakuu, ile kitu ilikuwa kubwa! Kioo kama televisheni ya sebuleni, charger nzito kama tofali. Bosi akaniambia, "Hii ni portable, utatembea nayo vijijini." Mbebaji ni mimi, kwa hiyo yeye neno portable lilimtoka kirahisi.

Hakuna begi lililoipokea. Ikabidi fundi cherehani anishonee begi la turubai, lile la kufunikia malori. Gesti nikiiweka mezani, chai nanywea kitandani. Nikiipakata mapajani, baada ya muda suruali inanukia pasi. Na betri ilikuwa na nguvu ya kuwasha, kukusalimia na kukuaga.

Bega langu la kushoto limeshuka mpaka leo. Fundi nguo akinipima huwa ananiuliza nilianguka mti gani.

Tuendelee.

Bosi akanipa mtihani wa mwisho. Niende kijiji cha Zagayu nikawaonyeshe wakulima picha za pamba iliyopandwa kwa mistari, ili wakubali kuchukua mbegu zetu. Yeye angekuja mchana na pickup, akiwa na jenereta, aone presentation kwa macho yake. Wakulima wakikubali, napewa mkataba. Wakikataa, Mwandoya inaniita.

Asubuhi nikaifunga laptop kwenye carrier ya pikipiki kwa mipira ya tyubu, nikaondoka.

Kosa lilianzia hapo, ila sikujua.

Msimu ule wanunuzi walichelewa. Pamba imejaa majumbani, watu wanalala juu ya pamba. Halafu anapita kijana wa kampuni, nyuma yake kuna kitu kizito, bapa, cha mraba, kimeviringishwa turubai. Wewe ungedhani ni nini?

Nikaanza kusikia vigelegele. Nikajua hawa watu wanapenda maendeleo. Nikawa napunga mkono kama mgombea.

Nafika kwenye ghala la kijiji, nyuma yangu kuna mikokoteni ya ng'ombe na akina mama wenye mafurushi ya pamba kichwani. Nikaitoa laptop, nikailaza chini juu ya turubai lake, nikaenda kumsalimia mwenyekiti wa kijiji.

Hapa niwaeleze jambo. Wakati ule wanunuzi wengine walikuwa wanachezea mizani, kwa hiyo Zagayu walikuwa na dawa yao. Dawa hiyo ilikuwa mama mmoja mkulima, mtu mzima mwenye mwili wake, wanamwita Mayu Nkwimba, yaani Mama Nkwimba kwa Kisukuma. Yeye anapimwa zahanati, maana mizani ya zahanati haifanyi biashara. Mnunuzi akija, Mayu Nkwimba anapanda kwanza kwenye mizani yake. Ikimpunguza hata kidogo, mnunuzi anafukuzwa.

Nageuka, namuona Mayu Nkwimba ameshavua ndala. Ameshikwa mkono huku na huku. Mguu mmoja uko hewani, juu ya laptop ya Bosi.

Wakuu, nilipiga mbizi. Nikailalia ile laptop kwa tumbo kama kuku aliyeona mwewe.

"Mayu, usipande! Utaivunja!"

Mama wa watu akanitazama pale chini.

"Mwangaluka, mwanangu," akanisalimia taratibu. "Mimi mtu mmoja naivunja, na magunia utayaweka wapi?"

"Si mizani, mayu! Ni kompyuta!"

Mzee mmoja akapaza sauti nyuma: "Huyu mwizi! Anaficha mizani yake!"

Hali ikabadilika. Kijiji kile, mnunuzi anayekataa mizani yake ijaribiwe hana tena cha kujitetea. Fimbo nikaanza kuziona. Niliogopa, sitaki kuwadanganya.

Nikaifungua mbele yao. Ikawaka, ikapiga kamuziki kake, watoto wakatimua mbio. Ikaja picha ya kwanza, shamba la pamba kwa mistari iliyonyooka. Watu wakainama kuangalia. Nikafungua mdomo nianze presentation.

Ikazima.

"Mnaona?" yule mzee akasema. "Kaizima isipimwe."

Ndipo pickup ya Bosi ikatokea. Nikajua kazi imekwisha.

Bosi akashuka, akatazama mikokoteni, mafurushi, umati. "Nani amewaita watu wote hawa?"

Vidole vyote kwangu. Mimi bado nimepiga magoti nimekumbatia laptop.

Bosi akamgeukia dereva: "Shusha jenereta, kimbia Bariadi. Mizani, karani na lori. Haraka!"

Mizani halisi ilipofika, Mayu Nkwimba akapanda. Ikasema sawasawa na zahanati. Makofi! Tukapima mpaka jua likaanza kushuka, na wapinzani wetu walipofika walitukuta tunafunga kamba za lori.

Picha za mistari hakuna aliyeziulizia tena. Jenereta halikuwashwa.

Bosi akanishika bega, lile lililoshuka. "Mkataba umepata. Afisa Kompyuta. Utakuwa unatangulia vijijini na hilo begi, mizani inakuja nyuma yako. Ila usilifungue."

Nilifurahi na kuumia kwa pamoja. Masomo yote yale!

Nilipokwenda Mwandoya na habari za mkataba, mzee wangu alichinja mbuzi. Wageni wakiwa wanakula akaniambia, kwa sauti ya kujidai, niwaeleze hiyo kompyuta kazini naifanyia kazi gani.

Nikamjibu ukweli. "Naibeba, baba."

Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima. Mmoja akasema, "Kazi nzito hiyo."

Funzo: ukiambiwa kitu ni portable, muombe anayekwambia akibebe yeye kwanza.

Haya, wenye migongo iliyoharibiwa na laptop za ofisi jitokezeni hapa chini. Na kama kuna mtu wa Zagayu humu, naomba msamaha kwa Mayu Nkwimba, nilimpigia kelele mbele za watu.