Sakafu Haikuisha

Kila Jumamosi Mwiza huenda kanisani kujifunza kinanda, na kila Jumamosi humkuta mama wa usafi ameshaanza kazi. Huanzia mimbarini na kurudi kinyumenyume hadi mlangoni, miguu peku, akisukuma maji kwa rakleti, fimbo yenye ukingo wa mpira, huku akivumisha wimbo puani. Viganja vyake vimechujuka kwa sabuni. Atakayekanyaga sakafu kabla haijakauka atamsikia: “We! Iko maji, hauoni? Bon, simama hapo hapo!” Hata pasta husimama hapo hapo.

Jumamosi iliyopita mama huyo alikuwa karibu amalize. Nyirarukundo, muuza viazi wa Kanzenze, akaingia na buti za tope jeusi, akapita katikati ya sakafu inayong'aa, akaketi benchi ya mbele. Mwiza aliondoa vidole kwenye kinanda, akangoja kelele. Mama akaegemeza rakleti ukutani, akaifuata njia ile ile ya tope, akaketi kando yake.

“Mutoto?”

“Wamemulaza tena hospitali.”

Mama aliuchukua mkono wa mwenzake, akaushika katikati ya viganja vyake, hadi sakafu ikakauka yenyewe na tope lake.

Jumapili asubuhi pasta alizikuta nyayo za buti zikienda mbele, na kando yake za miguu peku.

“Sikumaliza, pasta,” mama alisema, bila kuinamisha macho. “Kulikuwa mutu.”

Pasta akasimama hapo hapo. Kisha akapita pembeni, asizikanyage.