Vitufe vya Pista na Mstari Uliofutwa

Siku ya kwanza nilipoingia kazini, hakuna aliyeniuliza jina. Ilikuwa Nyamira, mwaka uliofuata uhuru, katika nyumba ya meneja wa kiwanda cha chai. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mjane, nimevaa sketi niliyoazima kwa dada yangu. Mke wa meneja, ambaye sote tulimwita Memsahib, hakunitazama usoni. Alishika viganja vyangu, akaviminya kama mtu anayechagua parachichi sokoni.

"Mikono baridi," alisema kwa Kiswahili chake cha jikoni. "Mzuri sana. Wewe tafanya chokoleti."

Siku hizo wapishi wa nyumba za wakubwa walikuwa wanaume. Nyumba ile pia ilikuwa na mpishi mwanamume, mtu hodari wa nyama na mikate, lakini viganja vyake vilikuwa vya moto. Chokoleti ilimyeyukia kabla hajaiviringisha. Ndivyo nilivyopata kazi, kwa sababu ya damu yangu iliyo baridi. Nasema hivyo kwa kicheko cha uchungu, maana tangu siku ile damu hiyo imechemka mara nyingi.

Ninyi vijana mnaonunua peremende za kila namna madukani mwafaa kujua kazi ile ilivyokuwa. Memsahib aliviita trafuli. Sisi jikoni tuliviita vitufe, kwa sababu vilikuwa viduara vidogo vya kutosha kutia mdomoni mara moja. Ndani kulikuwa na ujazo wa pista, zile kokwa za kijani ambazo Wahindi hutia katika halua zao. Tulizipata kwa mwenye duka mmoja mjini Kisii aliyeagiza kwa ajili ya nyumba yake na kutuuzia kidogo. Kwanza tulizichemsha kwa muda mfupi ili ngozi ya kahawia ibanduke, kisha tukazikausha na kuzisaga kwa mashine ya kusagia nyama mpaka zikawa rojo zito.

Ujazo huo ulitakiwa kulia mdomoni, yaani ukiuma usikie kra! Kwa hiyo tulizikata tambi nyembamba, zile za kupika kwa sukari siku za sherehe, tukazikaanga katika siagi mpaka zikawa rangi ya dhahabu. Kulia kwake kulitokana na tambi hizo. Kilichoshika kila kitu pamoja ni sukari iliyochomwa, na hapo ndipo nataka mnisikilize kwa makini.

Sukari kavu hutiwa kwenye sufuria juu ya moto wa wastani. Inayeyuka, inageuka rangi ya asali, halafu kahawia. Wakati huo ina moto kuliko maji yanayochemka, tena kwa mbali. Ukiimwagia malai baridi, yale mafuta ya juu ya maziwa, mvuke unatoka kwa nguvu na sukari inaruka kama kitu kilichopigwa teke. Ikikugusa haidondoki. Inashika ngozi na kuendelea kuichoma. Basi sharti ni hili: toa sufuria motoni, malai yawe yamepashwa kando, yamimine kijiko kwa kijiko, na wewe usimame nyuma mkono ukiwa umeunyoosha. Mpishi yule wa kiume alinionyesha kovu kwenye kifundo cha mkono wake, na hakuhitaji kuniambia mara mbili.

Baada ya hapo unachanganya sukari hiyo na pista na tambi, unaacha vipoe, unaviringisha. Chokoleti unaiyeyusha kwa mvuke, bakuli likikaa juu ya sufuria ya maji, na tone la maji lisiingie, maana chokoleti itaganda mabonge kama ugali uliokorogwa vibaya. Unachovya kila kitufe kwa uma na kukiweka kwenye karatasi iliyopakwa mafuta. Baridi ya Nyamira ilitufanyia kazi ya friji.

Miaka miwili ilipopita, vile vitufe vilikuwa vyangu. Memsahib hakujua tambi zimeingiaje. Yeye alikuwa akitumia biskuti zilizopondwa, na biskuti hulainika kesho yake. Nilizijaribu tambi mwenyewe, nikaharibu mara nne kabla ya kupatia.

Ukaja msimu wa maonyesho ya kilimo Kisii. Memsahib akapeleka vitufe kwenye meza ya upishi wa nyumbani, mimi nikibeba sinia nyuma yake. Akapata nafasi ya kwanza. Mwamuzi, mama mmoja wa kizungu mwenye miwani, akamuuliza, "Huu mlio ndani umeupataje?"

Memsahib akatabasamu. "Siri ya familia yetu," akajibu.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwake, sinia mkononi. Ningeweza kusema neno moja tu: tambi. Sikulisema. Nilirudi Nyamira nyuma ya gari nikiwa nimeuma meno hadi taya likauma. Hasira ile nilikuwa nayo kwake, lakini zaidi nilikuwa nayo kwangu. Nilijiapia kwamba nitajifunza kuandika vizuri, na kila nitakachokijua kitakuwa kwenye daftari lenye jina langu.

Meneja na mkewe waliporudi kwao, nilipika kwa miezi kadhaa katika hoteli ya Keroka, kando ya barabara. Madereva wa malori walitaka chai ya maziwa na mandazi makubwa, na mwenye hoteli aliniambia waziwazi, "Mama, hapa chokoleti ni ya nani?" Alikuwa na haki. Lakini jioni nilikaa chumbani na daftari langu, nikiandika kila hatua niliyoijua kwa herufi kubwa za mtu aliyeishia darasa la nne.

Daftari hilo ndilo lililonipa kazi iliyofuata. Mjini Kisii, upande wa kuelekea Nyanchwa, kulikuwa na chuo kidogo cha ufundi wa nyumbani kwa wasichana. Hakipo tena. Mkuu wake alikuwa mwanamke wetu, Mkisii, aliyesoma ng'ambo na kurudi na kofia na viatu vya visigino. Tulimwita Bi Mkuu. Nilipomwona mara ya kwanza moyo wangu uliruka kwa furaha. Nilijiambia, huyu ni damu yetu, huyu hataniweka nyuma na sinia.

Alionja kitufe kimoja, akafumba macho. "Sabina," akasema, "utawafundisha wasichana wa mwaka wa pili. Hiki ni kitu cha kuuza katika hoteli kubwa."

Nilifundisha miaka mitatu. Wasichana waliniita Mwalimu, na sijawahi kupata cheo kilichonipendeza kuliko hicho. Kila somo la sukari nilianza na sharti lile, na hakuna mwanafunzi aliyegusa sufuria kabla ya kulisema kwa kinywa chake.

Muhula mmoja Bi Mkuu aliazima daftari langu. "Nataka kulipitia tu," alisema. Halikurudi. Baadaye kikatoka kijitabu kilichopigwa taipu na kuchapwa kwa stensili, zile karatasi za nta za kunakilia, mapishi thelathini, na juu yake jina la Bi Mkuu peke yake. Nilikifungua nikiwa nimesimama uani. Maneno yalikuwa yangu. Hata tambi zilikuwamo. Nilifunua ukurasa wa vitufe nikasoma hatua ya sukari: "Sukari ikiwa kahawia, ongeza malai, koroga." Basi. Sharti lote lilikuwa limefutwa, ili mapishi yatoshe kwenye ukurasa mmoja.

Nilikwenda ofisini kwake na kijitabu mkononi.

"Bi Mkuu, jina langu uliliacha, sawa. Lakini huu mstari wa sukari ni hatari. Mtu ataungua."

Hakuinua macho kutoka kwenye karatasi zake. "Wanaosoma kitabu si watoto. Watatumia akili. Na stensili zimekwisha kukatwa, Sabina, siwezi kurudia kazi yote kwa mstari mmoja."

Niliondoka. Niliwaonya wanafunzi wangu wa mwaka wa pili. Lakini vijitabu viligawiwa kwa chuo kizima, na likizo ikafika.

Moraa alikuwa wa mwaka wa kwanza, msichana wa kutoka upande wa Nyamira, mcheshi, mwenye sauti inayosikika kanisani kuliko kwaya nzima. Somo la sukari hakuwa amelifikia. Nyumbani kwao walikuwa wakitarajia wageni wa kuja kuzungumzia posa ya dada yake, naye akataka kuwashangaza. Akaweka kijitabu kando ya jiko. Sukari ilipokuwa kahawia, akaongeza malai aliyoyatoa kwenye kibuyu, baridi, yote kwa mpigo, ameinamia sufuria ili akoroge.

Nilimkuta hospitalini, shavu na mkono wa kushoto vimefungwa bandeji iliyofika hadi jichoni. Mama yake alikuwa amekaa sakafuni kando ya kitanda. Moraa alinitazama kwa jicho moja.

"Mwalimu," akasema, "nilifuata kitabu. Nilifuata kila neno."

Nilitoka nje nikashika ukuta. Nimezika mume, lakini sikuwahi kuhisi nilivyohisi siku ile, kwa sababu mume wangu alikufa kwa ugonjwa, na huyu msichana aliunguzwa na uvivu wa mtu.

Wazazi walilalamika, na halmashauri ya chuo ikaitisha kikao. Asubuhi ya siku hiyo Bi Mkuu aliniita. Mezani alikuwa na barua tayari, inayosema kwamba mwalimu wa upishi hakufundisha tahadhari za sukari.

"Weka sahihi hapa," akasema kwa upole. "Watakupa onyo tu. Mimi nitakutetea."

"Daftari langu liko wapi?"

"Daftari gani?"

"Lile ulilochukua."

Akacheka kidogo. "Sabina, wewe uliishia darasa la nne. Nani ataamini kwamba uliandika kitabu?"

"Yaya," nikasema kwa Kikisii chetu. Hapana. Nikaiacha barua mezani.

Kikao kilikaa katika darasa langu la upishi, maana lilikuwa na meza ndefu. Mwenyekiti alikuwa mzee wa kanisa aliyewahi kuwa chifu, mtu wa maneno machache. Bi Mkuu alizungumza vizuri sana, Kiingereza na Kiswahili, akisema alikuwa ameamini mapishi aliyopewa na mwalimu wake, na kama tahadhari haikuwamo basi mwalimu hakuijua. Mwenyekiti akanigeukia.

"Mwalimu, una la kusema?"

"Sina karatasi, mzee. Karatasi zangu zimepotea. Naomba ruhusa niwashe jiko."

Walinong'onezana, kisha akatikisa kichwa kukubali. Niliweka sufuria juu ya moto, nikatia sukari. Sukari ikayeyuka, ikanukia, ikawa asali, ikawa kahawia. Nikamimina malai baridi kwenye kikombe, nikakiweka mbele ya Bi Mkuu pamoja na kijitabu kilichofunguliwa.

"Hiki ni kitabu chako," nikamwambia. "Soma mstari huo, na ufanye ulivyoandika. Ongeza malai, koroga."

Hakukishika kikombe.

"Karibia, Bi Mkuu. Huwezi kukoroga ukiwa mbali."

Alirudi nyuma. Hatua moja, halafu nyingine, mpaka mgongo wake ukagusa ubao, na mikono yake ameificha nyuma kama mtoto. "Malai hayajapashwa," akaropoka, na mle ndani hakuna aliyekuwa ametaja kupasha malai. Kama nisingeijua tahadhari mimi, yeye angeijuaje? Kila mtu mle ndani aliona. Mwenyekiti aliondoa miwani yake akaisugua kwa muda mrefu. Mama yake Moraa, aliyekuwa amekaa mlangoni, alitoa sauti ambayo siwezi kuiandika.

Nikaondoa sufuria motoni mwenyewe.

Mngependa niwaambie kwamba haki ilitendeka. Vijitabu vilikusanywa kimyakimya na kuchomwa nyuma ya jiko. Katika kumbukumbu za kikao waliandika neno "ajali". Bi Mkuu alihamishwa mwaka uliofuata, akapandishwa cheo, akapewa ofisi kubwa zaidi katika mji mwingine. Mimi nilimaliza muhula na kupewa barua ya kuachishwa kazi kwa kumkosea adabu mkuu wangu mbele ya halmashauri. Mwenyekiti aliniletea barua hiyo kwa mkono wake.

"Mama, ulisema kweli," akaniambia, akitazama viatu vyake. "Lakini kuna namna ya kusema."

"Niambie namna hiyo, mzee," nikamjibu. "Nilikwenda ofisini kwa upole, nikaambiwa stensili zimekatwa."

Nilirudi Nyamira nikajenga jiko la udongo nyuma ya nyumba yangu, nikaanza kuwafundisha wanawake wa jirani. Pista zilipokosekana tulitumia njugu karanga, na kusema kweli zilikuwa tamu vilevile. Baada ya miezi kama minane Moraa alikuja, kitambaa kimefunika shavu. Nilidhani amekuja kunisalimia. Akaomba sufuria.

"Moraa, si lazima," nikamwambia. "Kuna kazi ya kuviringisha."

"Mwalimu, nikiiogopa sukari nitakuwa nimeungua mara mbili."

Alilisema sharti lote, neno kwa neno. Akapasha malai. Akasimama nyuma, akanyoosha mkono ulio mzima, akamimina kijiko kwa kijiko. Tulifanya kazi pamoja kwa miaka mingi, na wengi waliokula vitufe vyetu katika harusi za Nyamira na Kisii hawakujua kwamba anayevichovya hutumia mkono mmoja na nusu.

Sasa nimestaafu. Miguu inauma, na jiko nimemwachia yeye. Sabato baada ya Sabato watu wa kanisa hunijia na maneno mazuri. Wananiita Mong'ina, mama mzee kwa Kikisii chetu, na kuniambia, Mong'ina Sabina, yamepita, Bi Mkuu naye amezeeka, poa moyo. Nawasikiliza, maana wana nia njema. Kisha nawapeleka jikoni nikawaonyesha mkono wa kushoto wa Moraa, vile vidole viwili vya mwisho vilivyojikunja ndani ya kiganja. Siku vikinyooka, nawaambia, njooni mniambie tena.