Koa Aliyegoma Kula

Shangazi yangu ana ugonjwa wa usafi. Sabuni anaiosha kabla ya kuoshea vyombo, na mgeni akiinuka, kiti kinapanguswa kabla hajafika mlangoni. Kumpa mtu huyu matangi ya viumbe wa baharini ayasafishe ni kumkabidhi fisi bucha.

Alikuwa kibarua kwenye kituo cha utafiti, na Ijumaa mkubwa wake, Daktari, angeamua ama kumwajiri moja kwa moja ama kumpa kwaheri. Jumatatu Daktari alisafiri, akamwachia koa wa baharini, mdogo kama kidole gumba, wa samawati mwenye madoa ya manjano, kajipamba kama anakwenda arusini. Alikaa juu ya jiwe lenye ukoko wa kahawia. Shangazi aliutazama ukoko ule mara moja tu, akalisugua jiwe mpaka likang'aa.

Jumanne koa hakula. Akapewa mwani, akapewa uduvi, akapewa hata mkate wa chai. Wapi!

"Hana adabu," Shangazi aliniambia, lakini hofu ilishamwingia. Jumatano akapiga simu.

"Daktari, za huko? Nauliza tu, huyu koa anakula nini?"

"Ule ukoko wa kwenye jiwe. Ni sifongo, mnyama kabisa, ana sumu. Koa akimla, sumu anaihifadhi ngozini. Maana hana gamba, hana mbio. Samaki akimwonja anamtema, na zile rangi zinamkumbusha asirudie. Chakula kingine hagusi, bora afe. Kwani vipi?"

"Aa, najifunza tu."

Muongo mkubwa! Maji yalipokupwa aliingia chini ya gati na kisu cha jikoni, tope magotini, mimi nimeshika ndoo. Alikwangua nguzo, akapata ukoko wa aina nne. Koa akapita wa kwanza, akapita wa pili, kama mteja asiye na haraka. Wa tatu akaupanda, akaanza kula. Shangazi alilia, wala hakujificha.

Ijumaa Daktari akainama kwenye tangi. Nilikuwa nimemsihi Shangazi anyamaze. Koa mzima, nani angejua?

"Jiwe nililisugua, Daktari," akasema. "Nilidhani uchafu. Nikamtafutia koa ukoko mwingine gatini."

Daktari alimtazama sana, kisha akajaza karatasi. Ajira ya kudumu, mlishaji wa koa. Chini akaongeza kwa mkono: haruhusiwi kushika brashi.

Shangazi aliusoma mstari wa mwisho mara tatu, akanigeukia.

"Sasa huyu ana maana gani?" akauliza, na hasira yake ilikuwa ya kweli.