Mtungi wa Uji Mchachu Pale Same

Mtungi ule alinipa mama mkwe wangu kule Msangeni, ukiwa na unga wa mahindi uliochachuka majini, umejaa nusu. Hakuwahi kuuosha, na hata yeye mwenyewe hakuwa rafiki wa maji. Akaniambia nichote kila siku nikapike uji, nilichochota nirudishie unga na maji ya vuguvugu, nisiumalize wala nisiulaze bila kuuchota.

"Ukikufia," akasema, "usije kwangu kuomba mwingine."

Tukashuka Same, mume wangu alikopata kibarua. Mlimani kwenye baridi nilikuwa nachota asubuhi tu. Kule chini kwenye joto nikafanya vilevile, na siku ya tatu uji ukawa mkali, mume wangu akakunja uso kama kachomwa sindano. Nikaanza kuchota asubuhi na jioni, na kurudishia kila mara. Ukatulia. Hakuna aliyenifundisha. Shule niliachia darasa la pili, lakini pua yangu iliendelea kusoma.

Miaka ile sukari ilikuwa tunaiota tu. Uji wangu haukuitaka. Nikawa nauuza stendi ya mabasi, na stendi nzima ilikunywa.

Kisha mambo yakawa ruksa. Sukari ikajaa madukani, soda nazo, na wateja wangu wakawa wananipita wakitazama pembeni, kama mwanaume aliyehamia kwa mwingine.

Mtungi haujui ruksa. Usipouchota, uchachu unazidi mpaka unajiua. Kwa hiyo tukanywa sisi, asubuhi, mchana na jioni. Tumbo la mume wangu likawa linaimba kanisani kuishinda kwaya.

"Mama watoto, mwaga hilo balaa," akaniambia. "Mimi nilioa mke, sikuoa mtungi."

"Sawa. Panda mlimani ukamwambie mama yako."

Hakupanda.

Nikatafuta kitoto cha nguruwe. Yule alikunywa bila kukunja uso. Nikichota anamaliza, nikirudishia ananisubiri, akanenepa mpaka mlango wa banda ukawa mdogo. Krismasi tukamchinja. Waliokuja mbio kwenye nyama ni walewale wa soda. Mmoja, mafuta yanamtiririka kidevuni, akaniuliza nilimlisha nini.

"Uji wako," nikamjibu. "Ule ulioukataa."

Akaomba kipande kingine.

Kesho yake asubuhi mtungi umefura povu, na mnywaji wake tumeshamla. Nikavaa kanga, nikaenda kutafuta nguruwe wawili.