Milimita Kumi na Nane

Mzee Futi alikuwa mpima watu, na jina hilo hakupewa na mamake. Alipewa na wenyeji wa vilima alivyofanyia kazi kwa miaka kumi na tisa, kwa sababu hakuweza kumsalimu mtu bila kumkagua kutoka unyayo hadi utosini. Mkono wako bado umo mkononi mwake, jicho limeshakuandika: mia na sitini na mbili, na bega la kulia limelala kidogo. Kijana aliyetaka kumwoa bintiye alipokuja kujitambulisha, wengine nyumbani waliuliza tabia na kazi. Yeye aliuliza urefu, na alipojibiwa akajua papo hapo kwamba kijana ametia chumvi sentimita mbili. Alimkubali hivyo hivyo, lakini hajasahau.

Kituo chake kilikuwa zahanati, chumba cha mwisho upande wa kushoto, chenye mizani, kalipa kubwa ya kupimia upana wa kifua, na ubao wa kupimia urefu. Mwenye utafiti alikuwa mama mmoja ambaye wote walimwita Daktari, ingawa hakuwahi kumchoma mtu sindano. Taaluma yake iliitwa anthropolojia ya kibaiolojia, na Mzee Futi aliwaeleza wazazi hivi: "Anauchunguza mwili wa binadamu. Ulikotoka, unavyougua, na unavyojizoesha mahali ulipo."

Kule juu hewa ilikuwa nyepesi, na wenyeji walikuwa na vifua vipana. Daktari alikuwa amesharidhika kwamba vifua vile ni kazi ya vizazi na vizazi, mwili umejifunza kuvuta hewa nyingi palipo na kidogo. Kifua hakikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa kwenye urefu. Watu wale walikuwa wafupi, na kwa miaka kumi na tisa swali lilikuwa moja tu: ufupi huu nao ni mwili kujizoesha, au ni njaa?

Msidhani hilo ni swali la wasomi kupotezea muda. Kama ni kujizoesha, watu waachwe na miili yao. Kama ni njaa, walishwe. Kwa hiyo kulikuwa na orodha. Kila mwaka watoto wote walipimwa, na kila aliyekuwa chini ya mstari wa umri wake aliandikwa. Aliyeandikwa alipata glasi ya maziwa na yai kila asubuhi pale zahanati, na damu yake iliangaliwa. Aliyepanda juu ya mstari jina lake lilikatwa. Mwaka jana majina sitini na manne yalikatwa kwa mpigo, na mwaka huu hakuna aliyeshuka. Daktari alifurahi, wafadhili wakafurahi zaidi. Mmoja wa wale sitini na wanne alikuwa mjukuu wa Mzee Futi mwenyewe, na jina lake alilikata kwa rula na wino mwekundu huku akipiga mluzi.

Binti yake hakupiga mluzi.

"Baba, huyu mtoto haongezeki," alimwambia.

"Kaongezeka vizuri tu. Nimempima mimi."

"Na mimi namvalisha kila siku."

"Wewe unamwona kwa jicho la mama. Jicho la mama halina namba."

Aliyarudia maneno hayo mara nyingi hadi binti akaacha kusema. Watu wa vipimo wana kiburi chao, na mzee huyu alikuwa nacho cha kutosha kaya tatu.

Siku moja kabla ya mkutano mkubwa wa wafadhili, jioni jua bado lipo, binti alikuwa amekaa sebuleni akirudishia kifungo kwenye sketi ya shule ya mwanawe. Mzee alikuwa anavua viatu. Jicho lake likaanguka kwenye upindo. Sketi ile iliponunuliwa, mwanzoni mwa mwaka jana, binti aliikunja chini vidole vinne na kuishona kwa uzi wa kijani, kwa kuwa wa bluu ulikuwa umekwisha, akasema mtoto akirefuka atafumua kidogo kidogo. Uzi wa kijani ulikuwepo wote, mzunguko mzima.

"Hujafumua upindo?"

"Nifumue kwa nini? Inamfika palepale." Hakuinua hata uso.

Mzee alimwita mjukuu, akamsimamisha kwenye mwimo wa mlango wa chumba. Visigino, makalio na mabega viguse mbao. Tundu la sikio na ukingo wa chini wa jicho viwe mstari mmoja. Akaweka kitabu kichwani, akachora kwa penseli, akateremsha futi ya chuma. Sentimita mia na milimita moja. Wiki iliyopita ubao wa zahanati ulikuwa umesema mia na mbili na milimita nne, na mstari wa umri wake ulipita kwenye mia na moja na milimita tatu.

Alijituliza. Mtu hupungua kutwa nzima. Uti wa mgongo hubanwa na uzito wake mwenyewe, na jioni kila mmoja wetu ni mfupi kuliko alivyoamka. Aliwahi kuwafundisha manesi jambo hilo. Asubuhi atampima tena, na mambo yatakaa sawa.

Asubuhi hakumngoja hata anawe uso. Mtoto alisimama mlangoni nusu usingizini, miguu peku, na futi ikateremka tena. Mia na milimita sita. Mzee akapima mara ya pili, akapima mara ya tatu, namba ikabaki ileile.

"Babu, nimekua?"

"Subiri," akasema.

Binti yake alikuwa amesimama nyuma yao na kikombe mkononi. Alizitazama alama mbili za penseli, akamtazama baba yake, kisha akarudi jikoni.

Mkutano ulikuwa saa nne. Saa moja na nusu Mzee Futi alikuwa ameshafungua zahanati, na alikwenda moja kwa moja si chumbani kwake bali chumba cha sindano. Hapo ndipo penye aibu yenyewe. Sheria ya kazi ilikuwa kwamba kila asubuhi, kabla ya mtoto wa kwanza, ichukuliwe fimbo ya chuma yenye urefu wa mita moja kamili, isimamishwe kwenye ubao, na ubao ukisoma mia ndipo mpimaji atie sahihi daftarini. Sahihi zilikuwepo zote. Fimbo ilikuwa imeshikilia pazia. Mwaka mmoja na miezi saba nyuma mti wa pazia ulivunjika, wagonjwa wakawa wanachomwa sindano huku korido nzima inawaangalia makalio, na yeye kwa huruma akatoa fimbo yake iwasitiri kwa siku mbili. Siku mbili zikaota mizizi. Msimu uleule maji ya mvua yaliozesha kitako cha ubao, na fundi seremala akaweka kipya, mbao safi, nene, iliyopigwa msasa mpaka ikang'aa. Mzee aliisifia sana.

Akaichomoa fimbo, pazia likamfunika kichwa na mabega. Nesi wa zamu aliingia akamkuta anapambana nalo.

"Mzee, unavunja zahanati?"

Mzee akavuta miguu hadi chumbani kwake, nesi nyuma. Akaisimamisha fimbo kwenye ubao, akateremsha kibao cha kichwani taratibu mpaka kikagusa chuma, kisha akasogea pembeni ili nesi asome mwenyewe.

"Mia na moja na milimita nane," nesi alisema. Kisha akainama kukitazama kitako, maana naye alikuwa mtu wa kazi.

"Kitako kipya ni kinene kuliko cha zamani," Mzee alisema. "Milimita kumi na nane. Hatukuisogeza futi ya ubao. Watoto tumewapandisha juu ya kigoda tukasema wamekua."

"Nani anajua?"

"Mimi na wewe."

Nesi akaenda kufunga mlango. Alikuwa anampenda mzee huyu. Ndiye aliyemfundisha kushika kalipa bila kumtekenya mtu.

"Sikiliza, Mzee wangu. Futi ya ubao ina skrubu nne. Isogeze sasa hivi. Mwakani vipimo vitashuka, watasema ulikuwa mwaka mbaya. Hakuna atakayejua."

"Na maziwa? Leo wanasaini kuyasimamisha."

Nesi akarukia la pili. "Wataomba daftari. Umetia sahihi kila siku kwamba umepima fimbo. Hawatakuita mzembe, watakuita mwongo. Umebakiza miaka miwili ustaafu."

Kila alichosema kilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomkaba mzee. Alikuwa na bisibisi mkononi. Hata hakukumbuka ameitoa droo gani. Skrubu ya kwanza ikalegea kwa urahisi. Ya pili ikazunguka nusu. Alifikiria jina lake, miaka kumi na tisa ya watu kusema mpelekeni kwa Mzee Futi, yeye hakosei. Halafu akawaza uzi wa kijani, na mkono ukagoma. Nje gari likasimama, milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine, na sauti ya Daktari ikasikika ikimkaribisha mgeni.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa kusubiria, mabenchi yamesukumwa ukutani. Mgeni wa wafadhili alikuwa na kalamu nzito na karatasi mbili za kusaini. Daktari alisimama mbele ya mchoro wake, akaongea kwa unyenyekevu wa mtu aliyesubiri jibu kwa muda mrefu.

"Miaka miwili mfululizo watoto wamepanda juu ya mstari," alisema. "Njaa tumeiondoa. Ufupi uliobaki ni mwili wao ulivyojizoesha, kama vifua vyao, na mwili wa namna hiyo hauhitaji kutibiwa. Maziwa yanaweza kwenda kwingine."

Watu wakapiga makofi. Mzee Futi alikuwa benchi la nyuma, fimbo kati ya magoti. Mgeni alimwona, akatabasamu.

"Mzee wetu, umeanza mkongojo?"

Ukumbi ukacheka, hata Daktari. Mzee akapiga moyo konde akasimama.

"Daktari, ubao umewadanganya," akasema. Akatikisa kichwa. "Hapana. Ubao hauna kosa. Nimewadanganya mimi."

Akaeleza yote, kitako, pazia, sahihi. Hakujipunguzia hata kidogo. Nesi aliangalia sakafu. Alipomaliza, Daktari aliuliza neno moja tu.

"Tangu lini?"

"Tangu kitako kipya. Misimu miwili yote."

Daktari akavuta kiti, akafungua jedwali la watoto, akashika penseli. Akaanza kutoa kumi na nane, jina baada ya jina, midomo ikienda bila sauti. Mgeni alikuwa bado ameshika kalamu yake wazi juu ya karatasi. Ilichukua dakika nyingi, na Mzee Futi alizisimamia zote.

"Katika sitini na wanne," Daktari alisema mwishowe, "hamsini na tisa wako chini ya mstari. Mwaka mzima na zaidi hawajanywa maziwa." Akaiweka penseli chini. "Na mimi nilikuwa nakwenda kuandika kwamba hiyo ni miili yao."

Mgeni akafunika kalamu, akazirudisha karatasi mkobani.

"Kuanzia kesho hushiki kipimo," Daktari alimwambia mzee. Hakupaza sauti.

"Najua."

"Leo bado. Kile kitako king'olewe, futi irekebishwe mpaka fimbo isome mia, na watoto waliokatwa waitwe. Nesi atasoma. Orodha utaiandika wewe, kwa mkono wako, mpaka wa mwisho."

Ilipofika saa saba, foleni ilikuwa imeshatoka nje ya mlango. Wa kwanza alikuwa mjukuu wake. Binti yake hakuwa ameitwa na mtu. Alikuwa amemfuata baba yake tangu asubuhi na kukaa kivulini na mtoto, akingoja kuona atafanya nini. Alimvua mwanawe viatu mwenyewe. Nesi akaweka kidevu sawa, akateremsha kibao, na akasoma kwa sauti ya chini kuliko kawaida.

"Mia na milimita nne."

Milimita mbili za asubuhi zilikuwa zimeshapotea njiani. Mzee Futi aliisogeza kalamu kwenye karatasi, kisha akaiweka chini.

"Nisamehe, mama," alimwambia binti yake.

"Mwaka mzima, baba," binti alisema. "Nilikuambia mwaka mzima."

Mtoto alikuwa bado amesimama kwenye ubao, mgongo umenyooka kama alivyofundishwa.

"Babu, uliniambia nisubiri. Nimekua?"

Alikuwa amewajibu watoto maelfu swali hilo, na kila mmoja alimpa namba. Safari hii alipiga magoti mbele yake, uso kwa uso, upindo wa kijani ukiwa usawa wa kifua chake.

"Hapana. Hujakua. Ni mimi niliyesema umekua."

Mtoto akalifikiria hilo. Akaitazama sketi yake, kisha akamtazama mama yake.

"Mama alijua," akasema.

"Ndiyo," Mzee Futi akajibu. "Mama alijua." Akarudi mezani, akaandika jina la mjukuu wake juu kabisa ya orodha, na nesi akamwita mtoto wa pili.