Mkojo wa Salumu na Chupa Yangu ya Hamira

Waliokuwapo siku ile niwataje mwenyewe, maana wao wameshanitaja Kariakoo nzima: Bi Zuhura muuza maji ya ukwaju, ambaye ni jirani yangu wa chumba cha pili; Mzee Rajabu fundi cherehani, mdogo wangu Salumu, Bwana Eliasi, mpimaji wa maabara ya hospitali, na wanywaji kama kumi waliokuwa wameshika vikombe. Na mimi Mwanaidi, mpika vitumbua, mwenye aibu yangu.

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule darasa la tatu nikawalea wadogo zangu. Salumu akapata nafasi chuo cha ualimu, lakini lazima apimwe afya na karatasi zifike Ijumaa, zisipofika nafasi anapewa mwingine. Hospitali wakampa kichupa cha kioo kilichochemshwa, akojolee humo alfajiri, kirudi upesi. Akakojoa vizuri tu, kisha akaona haya kukibeba (kijana wa miaka kumi na minane, wasichana wote wa mtaa wanamjua), nikamwambia lete, dada yako nipo.

Nafika mlangoni, nakitazama kile kichupa, kinaonyesha kila kitu! Nipite nacho sokoni, wateja wanione, halafu waje kula vitumbua vyangu? Nikapata akili (wakati ule niliiona akili kweli). Nikachukua chupa yangu ya hamira, ambayo kila mtu amezoea kuiona mkononi mwangu, nikaisuuza mara moja, nikamimina mkojo humo, nikapita sokoni kifua mbele, nikauza na vitumbua njiani mpaka jua likapanda. Nje ya maabara nikaurudisha kwenye kichupa chao. Nani atajua?

Jumatano nikapewa majibu, karatasi ya Kiingereza, na Bwana Eliasi siku hiyo yuko ndani na kazi zake. Nikakimbia kwa Mzee Rajabu, aliyewahi kumshonea karani wa Mwingereza na lugha yake akaiokota. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti barazani.

"Vijidudu vingi. Aina nne. Na ukungu."

"Aina nne, mzee wangu? Ndani ya mtoto mmoja?"

"Ndivyo walivyoandika, mwanangu. Kwani huyu anakunywa nini?"

Basi! Salumu hapitishi siku bila maji ya ukwaju ya Bi Zuhura. Sikuuliza la pili. Nilifika kwenye kona yake ya soko sina hata kiatu kimoja, watu wamejaa, nikapiga kelele: "Msinywe! Yana wadudu! Yamemwozesha mdogo wangu figo!"

"Wewe Mwanaidi, umeingiwa na nini?" akasema Bi Zuhura, kata mkononi.

Nikausukuma mtungi wake, ukapasuka paa, ukwaju ukatapakaa mpaka miguuni mwa watu. Mmoja akatema, mwingine akajitia kidole kooni. Salumu akaja mbio.

"Dada, mimi siumwi! Sina homa, wala sichomwi nikikojoa!"

"Nyamaza! Unaoza huku umesimama!"

Nikamkokota hospitali, Mzee Rajabu nyuma na karatasi, wanywaji wote nyuma yake, na mbele yetu sote Bi Zuhura na kigae cha mtungi mkononi.

Bwana Eliasi alimsikiliza Salumu kwanza, kisha akanigeukia.

"Dada, ugonjwa wa njia ya mkojo mara nyingi ni kijidudu cha aina moja, kimezaana sana, na mgonjwa mara nyingi husikia maumivu. Nikiona aina nne kwa mpigo, naishuku chupa kabla sijamshuku mtu. Ndiyo maana nimeandika hapa chini, apimwe tena."

"Hapo chini sikufika," akasema Mzee Rajabu, akavua miwani.

"Mkojo ulikaa kwenye nini?" akaniuliza Bwana Eliasi.

Nikatazama ukuta.

"Mjibu!" akasema Bi Zuhura.

"Chupa ya hamira," nikasema. "Ya vitumbua. Ila niliisuuza."

"Ukapita nayo juani?"

"Mpaka vitumbua viliponiishia."

"Basi vijidudu ni vya chupa, vimezaana kwa joto, na ukungu ni hamira yako mwenyewe."

Dirisha lote lilijaa vichwa vinavyocheka. Salumu akapewa kichupa kingine akakojoa palepale, na Ijumaa asubuhi Bwana Eliasi akatoka mwenyewe: mkojo safi, hakikuota kijidudu hata kimoja! Nilipiga vigelegele ndani ya hospitali mpaka muuguzi akanitoa, na kabla ya adhuhuri karatasi zilikuwa zimefika. Salumu yuko chuoni. Nami nimeapa, chombo cha hospitali nitakibeba hivyo hivyo kilivyo, hata nikipita nacho mbele ya harusi.

Bi Zuhura nilimnunulia mtungi mpya. Akaupokea, akaugonga kwa kidole.

"Mtungi huu nimeuona. Na jina langu je? Umenichafua mbele ya watu, utanisafisha mbele ya watu."

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla sijauza kitumbua hata kimoja, nasimama kwenye kona yake nakunywa kikombe kizima, soko linatazama, nasema kwa sauti kwamba maji haya ni safi na mchafu nilikuwa mimi. Huu ni mwezi wa pili. Nusu ya wateja wake wamerudi. Nusu nyingine bado nainywea.