Mizani ya Mama Kuku

Mama Kuku hakuwapimia kuku wake unga wa kitunguu saumu kwa kijiko. Aliumwaga kwenye pumba, akachanganya, akainama kunusa. Pua ikiwasha, dozi imetosha. Mumewe alipomshauri anunue mizani, alimkatiza: "Mizani ninayo usoni!"

Wiki moja akabanwa na mafua. Akamwaga, akanusa, wapi! Akaongeza, wapi! Akamalizia kopo zima huku akifoka, "Siku hizi wanatuuzia vumbi!"

Baada ya siku chache shoga yake, mwoka keki, akaja mbio na kipande mkononi. "Shoga, mayai yako yameniponza! Keki nzima inanuka kitunguu saumu!"

Mama Kuku akapenga kamasi, akainusa keki kwa makini, akamtazama kwa huruma.

"Hii? Hata vanila hujatia!"